Ada nimelipa kwa siri, mtoto sijui nimwachie nani

Shangazi shikamoo,

Naandika nikiwa kibandani, mteja akija naacha, akiondoka naendelea. Maneno yakirukaruka naomba univumilie.

Nina miaka 31, naishi Ipagala hapa Dodoma na mume wangu na watoto wetu wawili. Wa kwanza yuko darasa la pili. Mdogo ana mwaka mmoja na miezi mitano, bado ananyonya. Mume wangu ni fundi ujenzi, mimi ni wakala wa pesa za simu, pembeni nauza vocha, soda na karanga.

Mwaka 2017 nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uhasibu katika chuo kimoja Dar es Salaam, nikisomeshwa na Bodi ya Mikopo. Mimba ya huyu mkubwa ikanilaza, nikaahirisha mwaka mmoja. Mwaka ukawa miwili, miwili ikawa ndoa, ndoa ikawa Dodoma. Sikurudi tena. Deni la Bodi liko palepale, najua ni milioni tano na ushee, ila taarifa yake sijawahi kuthubutu kuifungua.

Mwaka huu niliomba chuo upya kimyakimya, nikapata, hapahapa Dodoma, uhasibu tena, naanza mwaka wa kwanza. Masomo yanaanza mwisho wa mwezi wa kumi. Ada ni milioni moja na laki nne kwa mwaka, nusu kabla ya kusajiliwa, nusu mwezi wa tatu. Ile nusu ya kwanza, laki saba, nimeshailipa. Nilikopa kwenye kikoba kwa riba ya asilimia kumi, natakiwa nirudishe 770,000 kabla hatujavunja kikoba na kugawana mwezi wa 12. Mume wangu anajua ninasoma mwaka huu na amekubali, lakini huo mkopo nilimwambia ni wa kuongeza floti, yaani salio la kazi kwenye simu. Anaamini ada bado haijalipwa, ndiyo maana anazungumzia kuuza kiwanja chetu cha Nala.

Kwa mwezi kibanda kinaniachia kama 320,000. Yeye mwezi mzuri analeta 600,000, mvua zikianza inashuka hadi 350,000 hivi. Kodi, chakula, umeme, maji, hisa za kikoba, michango ya shule na kidogo cha mama mkwe vinakula kama laki sita. Ukitazama hivyo tunabakiza. Lakini Shangazi, hatubakizi. Mtaji wangu wa uwakala ulikuwa 1,200,000, leo nikihesabu naona 850,000.

Sasa mtoto. Mume wangu anataka mdogo aende kwa bibi yake Mvumi mpaka nimalize, miaka mitatu. Mimi nilikataa, nikalia. Mama mkwe akaja na lingine: binti wa wifi yangu, ana miaka 13, amemaliza la saba mwezi huu. Anasema aje "kupumzika" kwetu, anishikie mtoto mpaka matokeo yatoke. Ni mtoto mpole, mwanangu anampenda. Kusema ukweli nilipumua. Lakini kuna kitu hakikai sawa moyoni na sijui ni nini.

Rafiki yangu wa soko la Majengo naye ananiambia kuna watu wanakopesha palepale bila maswali mengi, laki tano unarudisha laki sita na nusu ndani ya siku thelathini, kidogokidogo kila siku. Anasema ningeitumia kufidia floti.

Nirudi chuo au niache? Nikirudi, mtoto nimwachie nani, na ada ya mwezi wa tatu niitoe wapi?

Mama wa wawili, Ipagala

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama ulivyoiandika, kama barua ya ada. Mara ya pili nikachukua kalamu nikaandika pembeni saa zako, kuanzia unapoamka mpaka unapofunga kibanda. Hapo nikaona kuwa ada ndiyo sehemu nyepesi ya jambo hili.

Tuhesabu pamoja. Ada ni 1,400,000 kwa mwaka, inajulikana, haipandi usiku ukilala. Sasa zihesabu saa. Vyuo vyetu vipindi vinaweza kuanza saa moja asubuhi, na ratiba ya mwaka wa kwanza haikuulizi una mtoto au huna. Kibanda kikifungwa asubuhi mpaka mchana, nusu ya kamisheni imekwenda, yaani kama 160,000 kwa mwezi. Mtoto akiwekwa kituo cha mchana weka 70,000. Nauli yako weka 30,000. Jumla 260,000 kila mwezi. Zidisha kwa miezi tisa ya masomo: 2,340,000. Hiyo haiandikwi kwenye fomu ya kujiunga na chuo, hakuna anayekupa risiti yake, na inaipita ada kwa karibu milioni moja.

Kwa hiyo mnapokaa na mumeo kubishania kiwanja, mnabishania kipande kidogo. Swali kubwa la nyumba yenu ni nani atazilipa hizo saa. Nami nikisoma barua yako naona kwamba watu wazima wote wamekwishakubaliana, bila kulisema, kwamba azilipe binti wa miaka 13.

Umesema kuna kitu hakikai sawa moyoni. Ni hicho. Huyo mtoto amefanya mtihani wa la saba mwezi huu. Matokeo yatatoka kabla ya mwaka kuisha, na mwezi wa kwanza wenzake wanaanza kidato cha kwanza, ambacho shule za serikali hazijatoza ada tangu 2016. Wewe mwezi wa kwanza utakuwa katikati ya muhula wa kwanza, mitihani iko mbele, mtoto wako ameshamzoea. Niambie, siku ya kuripoti shule ikifika, nani katika nyumba hiyo atakuwa na haraka ya kumrudisha Mvumi kununuliwa sare? Utasikia "amalizie kidogo huu muhula wa dada". Nimeona mabinti wangapi hapa mjini waliokuja kupumzika wakingoja matokeo, leo wana miaka ishirini na bado wanapumzika wakiwa na mtoto wa mtu mgongoni. Sheria ya ajira ya 2004 nayo imeweka mstari: chini ya miaka 14 mtoto haajiriwi, na hata aliyefika 14 ni kazi nyepesi tu isiyomzuia kwenda shule. Ukimwita ndugu badala ya mfanyakazi umri wake haubadiliki.

Wewe uliyekatishwa masomo na mimba unajua lile shimo lilivyo. Usipande kutoka humo kwa kukanyaga bega la mwingine. Nimesema kwa ukali kidogo, najua. Nimesema hivyo kwa sababu ulishalijua kabla hujaniandikia.

Kumpeleka mdogo Mvumi kwa miaka mitatu nako siungi mkono, ila sababu zangu ni tofauti na machozi yako. Bibi si mtu mbaya, na wengi wetu tumelelewa na bibi tukakua. Ila huyu bado ananyonya, na ushauri wa kliniki zetu ni anyonye hadi miaka miwili. Kumwachisha ziwa, mama, baba na kitanda siku moja ni kumpiga mara nne. Halafu Mvumi si mbali, ndiyo, lakini mwanafunzi mwenye kibanda hapati Jumamosi nyingi. Utaenda mara mbili kwa muhula, na mara ya pili atakukimbia ajifiche kwenye kitenge cha bibi.

Badala ya mtoto kumfuata bibi, bibi amfuate mtoto, kwa majuma machache. Tazama kalenda ya kwetu. Mavuno yamekwisha, mashamba yamelala, mvua ya kupandia kwa kawaida huanza mwishoni mwa Novemba na Desemba. Mama mkwe wako hana jembe mkononi mwezi wa kumi na mwanzo wa kumi na moja. Mwombe kwa heshima, mume wako ndiye amwombe, aje akae nanyi majuma manne mpaka sita masomo yanapoanza. Kazi yake iwe kumzoesha mjukuu kituo: juma la kwanza anakaa naye huko kwa muda wa saa moja, la pili anamwacha mpaka saa nne, la tatu mpaka mchana. Mvua ikinyesha anarudi shambani kwake na mtoto ameshazoea. Hivyo umempa mkweo heshima yake, na umepata msaada ule ambao pesa hainunui.

Kituo chenyewe usichague kwa rangi za ukuta. Vituo vya kulelea watoto mchana vinatakiwa kusajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na wanaovisimamia ni watu wa Ustawi wa Jamii. Nenda ofisi ya ustawi ya jiji uulize vilivyosajiliwa upande wa Ipagala na Ilazo, halafu vitembelee. Usiende saa mbili asubuhi wakati kila kitu kimefagiliwa. Nenda saa tano na nusu bila taarifa. Simama mlangoni kwanza, usiseme kitu, sikiliza. Watoto wa umri ule saa tano na nusu wanapaswa kuwa na kelele. Chumba cha watoto kumi na watano wa mwaka mmoja kikiwa kimya kama kanisa Jumatatu, ondoka. Tazama choo. Tazama vikombe, kama kila mtoto ana chake. Uliza walezi ni wangapi, na uliza wanafunga saa ngapi, maana kipindi chako cha mwisho kinaweza kuisha saa kumi na mbili jioni na wao wamefunga saa kumi. Hilo la saa za kufunga ndilo linalowaangusha wengi, na jibu lake ni baba. Fundi ana siku anazotoka saa kumi. Siku mbili kwa juma amchukue yeye. Asikwambie vumbi la saruji, ataoga.

Nikupe kidogo cha kwangu. Mimi nilirudi darasani nina miaka 36, mtoto wa mwisho ana mwaka na nusu kasoro, karibu umri wa wako. Juma la kwanza alilia mpaka sauti ikakauka. Mlezi, mama mmoja mtu mzima, akaniambia: "Kesho niletee kitenge ulicholalia, usikifue." Nikamletea. Kilikuwa cha kijani, kimechanika pindoni, kinanuka maziwa na moshi wa mkaa. Mwanangu alilala nacho mpaka kikawa nyuzi. Nilipomaliza chuo nilikuta bado anaficha kipande chake chini ya mto, kipana kama kiganja. Chagua cha kwako mapema, ukilalie kuanzia sasa.

Haya, turudi kwenye pesa, na hapa sitakuonea haya.

Mtaji wako umetoka 1,200,000 hadi 850,000. Wewe ni mwanafunzi wa uhasibu, unajua maana yake. Kwa wakala, taslimu iliyo kwenye droo ukijumlisha na floti iliyo kwenye simu lazima ikupe namba ileile kila siku. Mteja akitoa pesa, droo inapungua na simu inaongezeka. Akiweka, kinyume chake. Kamisheni inakuja kando. Jumla haina sababu ya kupungua hata shilingi kumi, isipokuwa umekosea muamala, umeibiwa, au umekula. Nadhani mmekula. Mara nyama ya wageni, mara dawa, mara "nipe elfu ishirini nitakurudishia Jumamosi" ya mume wako, na Jumamosi ikapita. Ile ziada ya laki tatu na kitu inayoonekana kwenye karatasi yako ni mapato ya mwezi mzuri; siku ambazo fundi hakupata kazi zimekuwa zikifidiwa na droo lako. Bandubandu huisha gogo.

Kwa hiyo nunua daftari la mistari, la elfu moja tu. Kila asubuhi kabla ya kufungua na kila jioni ukifunga, andika namba tatu: taslimu, floti, jumla. Hakuna anayechukua kitu kwenye droo, na baba watoto pia. Mahitaji ya nyumbani yatoke kwenye kamisheni na mauzo ya soda, ambayo utayaweka kwenye kopo tofauti.

Daftari hilo ndilo litakalokuruhusu kumwachia mtu kibanda asubuhi, maana kukifunga siku nzima usikubali. Tafuta dada mtu mzima unayemfahamu na kwao unapajua, mwenye kitambulisho cha taifa, akae asubuhi kwa nusu ya kamisheni ya saa zake, yaani kama 80,000. Asubuhi mnahesabu pamoja, anasaini. Ukirudi mnahesabu tena, anasaini. Uliza kwanza kampuni yako ya simu utaratibu wa kumsajili msaidizi, ili usimnong'oneze namba ya siri mlangoni. Hapo gharama ya saa zako inashuka kutoka 260,000 hadi 180,000 kwa mwezi.

Sasa deni la kikoba. 770,000 kwa miezi mitatu ni zaidi ya 250,000 kila mwezi, kutoka kibanda kinachokupa 320,000. Haiwezekani bila kula floti iliyobaki, na hapo ndipo rafiki yako wa Majengo anapokusubiri. Nenda kwa mwenyekiti na mweka hazina kabla hujachelewa marejesho hata moja, uwaombe wakukate kwenye hisa zako siku ya kuvunja. Hukuniandikia hisa zako zimefika ngapi. Nachukulia unaweka elfu kumi kwa juma na hamjavunja kwa karibu miaka miwili, yaani laki tisa. Zikipungua, hesabu yote ya chini ishushe kwa kiasi hicho. Wakikubali, mtabaki na 130,000 na deni limekufa. Ongeza kile mtakachobakiza Oktoba hadi Desemba baada ya kulipia saa zako, kama 140,000 kila mwezi, mnafika 550,000 mwisho wa mwaka. Januari hadi Machi mume wako anashuka, mtatoboa mfuko huo kwa zaidi ya laki moja kila mwezi. Ndiyo maana nasema mzunguko ujao wa kikoba pumzika, zile hisa za elfu kumi kwa juma zibaki nyumbani. Mwezi wa tatu mtakuwa na kama 340,000.

Nusu ya pili ni 700,000. Pengo unaliona. Lakini si pengo la kuuzia kiwanja. Vyuo vingi humruhusu mwanafunzi kulipa kwa awamu ndogo zaidi akiomba kwa maandishi mapema, kabla hajawa mdaiwa. Peleka barua ofisi ya uhasibu ya chuo Novemba, uombe kulipa 350,000 Machi na 350,000 Mei. Mei mvua zimekwisha na matofali yanapandishwa kila kona ya mji huu tangu Serikali ihamie. Mume wako atakuwa na kazi. Kiwanja cha Nala kikae. Mkifika mwaka wa tatu mmebakiza muhula mmoja na mmekwama kabisa, kiuzeni bila kulia. Kukiuza mwaka wa kwanza ni kula mbegu.

Jambo dogo ambalo linasaidia kuliko ukubwa wake: nunueni mahindi sasa. Bei nzuri ilikuwa mwezi wa saba, soko la Kibaigwa likiwa limefurika, lakini hata huu wa tisa ni afadhali mara nyingi kuliko Februari, mwezi ambao hapa kwetu ghala ni tupu na shamba bado ni majani. Gunia mbili, kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa, dumuzi asikutanie. Mwezi wa pili wakati mume wako hana kazi, ugali hautakuwa kwenye orodha ya matatizo.

Wale wa laki tano kwa laki sita na nusu, hapana. Hiyo ni asilimia 30 kwa mwezi. Kanuni za Benki Kuu kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana zimeweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Mtu anayekutoza karibu mara tisa ya kikomo anajua hawezi kukupeleka mahakamani, kwa hiyo atakuja kuchukua friji lako la soda. Mikopo ya namna hiyo watu wanaiita kausha damu, na hawakuiita hivyo kwa utani.

Kuhusu Bodi ya Mikopo, usiiweke kwenye bajeti. Mwongozo wao umekuwa ukitaka mwombaji awe na umri usiozidi miaka 35, sawa, lakini pia awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano, na wewe muda huo umeshakupita. Aliyewahi kupata mkopo akaacha masomo, akitaka tena, amekuwa akidaiwa kwanza arejeshe angalau robo ya alichopokea. Kwa deni la milioni tano na laki mbili, kwa mfano, robo ni 1,300,000, karibu ada yako ya mwaka mzima. Hata hivyo fungua hiyo taarifa unayoiogopa. Ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani na adhabu ya asilimia 10 ziliondolewa mwaka 2021, huenda namba ikawa ndogo kuliko inayokukosesha usingizi. Ofisi wanayo hapa Dodoma. Ukija kuajiriwa watakukata asilimia 15 ya mshahara, lijue hilo tangu leo ili lisikuharibie mshahara wa kwanza.

Umeniuliza urudi au uache. Rudi. Ila nakuwekea tarehe. Ikifika Oktoba 10 hujapata kituo unachokiamini na mama mkwe amekataa kuja, nenda kamuulize msajili wa chuo juu ya kuahirisha, na ufike pia kituo cha Chuo Kikuu Huria hapa mjini. Chuo kile kiliundwa kwa sheria ya 1992 kikaanza kupokea wanafunzi 1994, kwa ajili ya watu kama wewe, na unasoma kwa kasi yako ukiwa kibandani. Kinadai nidhamu kubwa zaidi kwa sababu hakuna kengele, na nisikufiche, wengi huanza na wachache humaliza. Mtu anayehesabu floti asubuhi na jioni bila kukosa angeweza.

Nimelibakiza la mume wako mwisho kwa sababu nilitaka kwanza uwe na namba mkononi. Mwambie. Usimwambie kwa ujumbe wa simu, wala usiku ametoka kazini na njaa. Jumapili baada ya chakula, watoto wakiwa nje, kaa naye na lile daftari. Usianze na kulia. Anza hivi: "Baba, ada ya kwanza haidaiwi tena, niliilipa na pesa ya kikoba niliyokwambia ni ya floti. Nilikudanganya, naomba radhi." Halafu nyamaza. Atakasirika, ana haki. Atakapouliza kwa nini, mwambie ukweli, nadhani uliogopa angesema mngoje mwakani, na wewe mwakani yako ya kwanza ilikuwa 2018. Hasira ikipoa mpe kalamu aandike yeye mwenyewe miezi yake mizuri na mibaya. Mafundi wanajua kukadiria. Mtu anayekuambia nyumba itakula mifuko mingapi ya saruji kwa kuitazama tu hashindwi kukadiria Februari.

Kisha mwende Mvumi wote wawili kuzungumza na mama. Msiende mikono mitupu, pelekeni sukari na kitenge. Mkimaliza ya bibi na mjukuu, mwite yule binti kando, si mbele ya wakubwa, mkachote naye maji. Muulize mtihani wa hesabu ulikuwaje.